Upepo Ndio Unaobeba Mzigo: Kuchagua Rimu na Matairi ya Pikapu za Kazi Nzito

Katika maduka ya matairi ya Gerezani jijini Dar es Salaam, kama ilivyo katika yale ya Barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi, mwenye pikapu ya Toyota Land Cruiser ya mfululizo wa 79 anaweza kuwekewa matairi mawili mbele yake achague. La kwanza ni pana, lina kashata nene (yale meno yanayoshika barabara) na umbo la kuvutia, na ubavuni limeandikwa 265/70R16 112S. La pili ni jembamba, limekwenda juu kama tairi la trekta ya zamani, halina mvuto wowote, nalo limeandikwa 225/95R16C 118/116S. Watu wengi wakiulizwa ni lipi linalobeba mzigo mzito zaidi hunyoosha kidole kwenye lile pana bila kusita. Jibu sahihi ni lile jembamba, na tofauti si ndogo: la kwanza limeidhinishwa kubeba kilo 1,120 na la pili kilo 1,320, kwa hiyo katika ekseli moja yenye matairi mawili pengo linafika kilo 400, ambazo ni mifuko minane ya saruji.

Sababu ni kwamba anayebeba gari si mpira. Mpira, nyuzi na waya wa chuma uliosukwa ndani ya tairi hubeba sehemu ndogo tu ya uzito, na sehemu kubwa iliyobaki hubebwa na upepo uliofungiwa humo. Kila aliyewahi kupata pancha amelishuhudia jambo hili, ingawa huenda hakulitafakari: tairi lilelile, lenye mpira uleule na waya uleule, hulala chini mara upepo unapotoka. Kazi ya ganda ni kuuzuia upepo huo usitawanyike, kushika barabara, na kuvumilia kukunjwa na kunyooka takriban mara mia nne katika kila kilomita moja. Uwezo wa tairi, basi, unategemea mambo mawili: ndani mna nafasi kiasi gani ya kuweka upepo, na ganda linaweza kuvumilia upepo huo ukijazwa kwa shinikizo kubwa kiasi gani. Tairi jembamba la mfano wetu lina ubavu mrefu wa karibu milimita 214, na ganda lake limejengwa kwa magari ya biashara, jambo linaloonyeshwa na ile herufi C. Lile pana lina ubavu wa karibu milimita 186 na ganda la gari la abiria.

Maandishi ya ubavuni yanayowachanganya wanunuzi yanaeleza mambo hayo mawili, pamoja na la tatu ambalo ni mwendo. Katika 265/70R16 112S, namba 265 ni upana wa tairi kwa milimita. 70 ni urefu wa ubavu kama asilimia ya upana huo. R inamaanisha kwamba nyuzi za ganda zimepita kutoka ukingo mmoja hadi mwingine bila kukingama kimshazari. 16 ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Kisha huja namba ya mzigo, ambayo haisomwi yenyewe bali hutafutwa katika jedwali linalotumika duniani kote: 100 ni kilo 800, 104 ni kilo 900, 108 ni kilo 1,000, 112 ni kilo 1,120, 116 ni kilo 1,250, 118 ni kilo 1,320, 121 ni kilo 1,450 na 125 ni kilo 1,650. Ukitazama vizuri utaona kwamba kila hatua moja ya namba huongeza takriban asilimia tatu ya uzito, kwa hiyo anayesema kwamba 112 na 118 "zinapishana kidogo tu" anasahau kwamba hatua sita zimerundikana. Herufi ya mwisho ni ya mwendo: Q ni kilomita 160 kwa saa, R ni 170, S ni 180. Herufi hiyo haimruhusu dereva kwenda kasi hiyo akiwa amebeba mawe. Inaonyesha kikomo ambacho tairi lilipimwa likiwa jipya, likiwa na upepo kamili, bila shimo wala tuta.

Uchaguzi mzuri hauanzii kwenye tairi, na kwa hakika hauanzii kwenye rimu, ingawa huko ndiko wengi wanakoanzia kwa sababu rimu ndiyo inayoonekana kutoka ng'ambo ya barabara. Unaanzia kwenye uzito unaoikalia kila ekseli. Kibandiko au bamba lililopo kwenye nguzo ya mlango wa dereva, au ndani ya chumba cha injini, huonyesha uzito wa juu unaoruhusiwa wa gari zima, na katika magari mengi huonyesha pia kikomo cha ekseli ya mbele na cha ekseli ya nyuma. Kinachohusika hapa ni hicho cha ekseli, kwa maana pikapu haigawi mzigo wake sawasawa: ikiwa tupu, mbele huwa nzito kwa sababu ya injini, na ikijazwa, karibu mzigo wote hukaa nyuma.

Tuseme, kwa ajili ya hesabu, kwamba bamba linaonyesha kikomo cha kilo 2,300 kwa ekseli ya nyuma. Gawanya kwa mbili, upate kilo 1,150 kwa kila tairi, kiwango ambacho katika jedwali ni namba 113. Hapo hapo lile tairi pana la 112 limeshakataliwa, kwa kuwa mawili yake yanafikia kilo 2,240 tu, yaani kilo 60 chini ya kile ambacho gari lenyewe limeruhusiwa kubeba. Lile la 118 linafikia kilo 2,640 na kuacha nafasi ya kilo 340. Mimi nisingekubali akiba iliyo chini ya asilimia kumi. Mzigo hauwi katikati kamili hata siku moja. Tairi la kushoto hubeba zaidi barabara inapoinamia kushoto. Na gari likianguka ndani ya shimo, tairi moja kwa nukta ya sekunde hubeba mara kadhaa ya uzito wake wa kawaida.

Mahali mzigo ulipokaa ni jambo linalosahaulika kuliko yote. Chukua gari ambalo umbali kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma ni mita 3, kisha weka mzigo wa kilo 1,000 ambao kitovu chake kiko sentimita 30 nyuma ya ekseli ya nyuma, kama inavyotokea bodi ikiwa ndefu na mlango wa nyuma umeachwa wazi. Ekseli ya nyuma haitaongezewa kilo 1,000 bali kilo 1,100, na ekseli ya mbele itapunguziwa kilo 100, kwa kuwa mzigo umefanya kazi ya wenzo na kuinyanyua pua ya gari. Dereva husikia usukani umekuwa mwepesi na kufikiri gari limetulia. Tela nalo hufanya vivyo hivyo, kwa sababu uzito unaokandamiza ndoano yake uko nyuma kabisa.

Njia ya uhakika ya kujua uzito ni kupima. Katika nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki, mizani za barabarani zimewekewa magari yenye uzito kuanzia tani 3.5, na pikapu nyingi ziko chini ya kiwango hicho kwenye makaratasi, kwa hiyo zinapita pembeni bila kupimwa, na mwenye gari hubaki akikisia. Wapo wamiliki wa mizani za viwandani na za maghala ya nafaka ambao hupima gari kwa ada ndogo, nayo ni fedha iliyotumika vizuri: pima gari likiwa tupu na tangi limejaa, kisha pima ekseli ya nyuma peke yake ikiwa imebeba mzigo wa kawaida. Pasipo mizani, hesabu kwa vitu vinavyojulikana. Mifuko 20 ya saruji ni tani moja. Tangi la lita 1,000 likijaa maji ni tani moja ya maji, tangi lenyewe halijahesabiwa. Mchanga ndio unaowadanganya wengi, kwa sababu mita moja ya ujazo ya mchanga mkavu ina uzito wa tani moja na nusu au zaidi, na ukinyeshewa unaongezeka ilhali kimo chake ndani ya bodi kinaonekana kilekile.

Uzito ukishajulikana ndipo rimu inapoingia. Kwa miaka zaidi ya ishirini watengenezaji wamekuwa wakiongeza ukubwa wa rimu za pikapu, sehemu kwa sababu ya breki kubwa zinazohitaji nafasi, na sehemu kubwa kwa sababu ya sura. Angalia familia moja ya matairi ambayo yote yana upana wa milimita 265 na kipenyo cha nje kinachokaribiana sana, kati ya milimita 773 na 777. Kwa rimu ya inchi 16 kuna 265/70R16, lenye ubavu wa milimita 186 na namba 112. Kwa inchi 17 kuna 265/65R17, ubavu wa milimita 172, namba 112. Kwa inchi 18 kuna 265/60R18, ubavu wa milimita 159, namba 110, yaani kilo 1,060. Kwa inchi 20 kuna 265/50R20, ubavu wa milimita 132, na katika ujenzi wa kawaida namba yake ni 107, ambayo ni kilo 975. Matairi haya yakisimamishwa pamoja yanalingana kimo, lakini kila rimu inapopanuka inakula nafasi iliyokuwa ya upepo. Kutoka ya kwanza hadi ya mwisho, ekseli imepoteza kilo 290. Wapo wenye pikapu za kubebea mbao waliobadilisha rimu za chuma za inchi 16 kwa rimu za inchi 20 za kung'aa, na kwa kitendo hicho kimoja wakapunguza uwezo wa gari kwa kiasi cha abiria wanne wazima bila mtu yeyote kuwaambia.

Ubavu mfupi una hasara nyingine ambayo jedwali haliionyeshi. Tairi linapogonga ukingo wa shimo, ubavu mrefu hujikunja na kumeza kishindo. Ubavu mfupi hubanwa kati ya jiwe na ukingo wa rimu, nyuzi zake zikakatika kwa ndani, na baada ya siku chache hutokea uvimbe kama yai. Kwa barabara za changarawe na za mashimo, mimi ningechagua rimu ndogo kuliko zote zinazoweza kupita juu ya breki za gari husika.

Hata hivyo, itakuwa kosa kuhitimisha kwamba rimu kubwa daima hupunguza mzigo, na hapa ndipo pikapu za Marekani zinapoleta somo. Nchini humo pikapu za kazi nzito, kama Ford F-250 na F-350, Ram 2500 na 3500 au Chevrolet Silverado za HD, zimo katika madaraja yanayoanzia takriban kilo 3,860 hadi kilo 6,350 za uzito wa jumla, mbali kabisa na Hilux. Miongoni mwa matairi yake kuna LT245/75R17 lenye namba 121, LT275/70R18 lenye 125, na LT275/65R20 lenye 126, ambalo ni kilo 1,700. Hapa rimu imepanda na uwezo umepanda pia. Siri ni kwamba kipenyo cha nje nacho kimepanda: lile la inchi 18 lina kimo cha milimita 842, na lile la inchi 20 karibu milimita 866. Nafasi ya upepo imetafutwa kwa nje baada ya kupotea kwa ndani, na gari limetengenezwa tangu mwanzo likiwa na nafasi ya kutosha ndani ya madigadi. Anayejaribu kufanya hivyo kwenye gari ambalo halikupimiwa hivyo atakuta tairi linasugua anapokata kona, kipima mwendo kinasema uongo, na breki zina kazi zaidi. Hata kati ya matairi mawili ya Land Cruiser niliyoanza nayo, moja lina kimo cha takriban milimita 834 na jingine 777. Ukihama kutoka dogo kwenda kubwa bila kurekebisha chochote, mshale ukisoma kilomita 80 wewe uko karibu na 86.

Jambo la pili, lile la shinikizo, ndilo lenye lugha iliyovurugika zaidi, kwa sababu desturi tatu zimekutana katika duka moja. Tairi lisilo na herufi yoyote mwanzoni wala mwishoni mwa ukubwa, au lenye P mwanzoni, ni la gari la abiria, na hufikia uwezo wake wote kwa upepo wa psi (ratili kwa inchi ya mraba) 35 au 36. Likiandikwa XL, ganda limeimarishwa na linafika psi 41 au 42. Tairi lenye C mwishoni mwa ukubwa ni la magari madogo ya biashara kwa utaratibu wa Ulaya, na mengi hufikia uwezo wake kati ya psi 55 na 70. Tairi lenye LT mwanzoni au mwishoni ni la malori mepesi kwa utaratibu wa Marekani, nalo hupewa herufi ya daraja: C kwa psi 50, D kwa psi 65, E kwa psi 80. Angalia mtego uliopo hapa. Herufi C ya Ulaya iliyobandikwa baada ya inchi za rimu, na herufi C ya daraja la Marekani, ni vitu viwili tofauti kabisa, na nimewahi kusikia muuzaji akizieleza kana kwamba ni kitu kimoja.

Plai, yaani tabaka za ganda, nazo zimeongeza utata. Zamani matairi yalijengwa kwa tabaka za kitambaa cha pamba, na wingi wa tabaka ulikuwa kipimo cha kweli cha nguvu. Leo tairi linaloitwa la plai 10 halina tabaka kumi; huwa na tabaka moja, mbili au tatu za nyuzi za kisasa pamoja na mikanda ya waya, na namba 10 inasema tu kwamba nguvu yake ni sawa na ile ya tabaka kumi za enzi hizo. Daraja C la Marekani ni sawa na plai 6, D ni plai 8, E ni plai 10. Mnunuzi anayeuliza "plai ngapi?" hakosei, ila ameuliza nusu ya swali, kwa kuwa tairi dogo la plai 8 linaweza kubeba kidogo kuliko tairi kubwa la plai 6. Mfano mzuri ni 31x10.50R15LT la daraja C (kimo na upana wake vimeandikwa kwa inchi), ambalo wapenzi wa magari ya porini wanalihusudu kwa upana wake. Namba yake ni 109, kilo 1,030, na kwa hiyo ekseli yenye mawili hubeba kilo 2,060 tu, chini ya yale matairi mengine mawili tuliyoanza nayo.

Kuna kanuni moja ya usalama wa magari ya Marekani ambayo ingefaa kujulikana na kila mwenye pikapu popote alipo: tairi la gari la abiria likifungwa kwenye lori jepesi, pikapu au tela, uwezo wake hugawanywa kwa 1.10. Mantiki yake ni kwamba gari la mizigo husimama juu zaidi, huyumba zaidi na huzidishiwa mzigo mara nyingi zaidi, kwa hiyo tairi lile halipaswi kuhesabiwa kwa uwezo wake wote. Kwa hesabu hiyo tairi la 112 linabaki na kilo 1,018, na ekseli yetu ya kilo 2,300 inakuwa imepungukiwa kwa zaidi ya kilo 260.

Kwa upande mwingine, aliyenunua tairi la LT la daraja E na kulijaza psi 35 kwa mazoea hajanunua chochote. Uwezo ulioandikwa ubavuni unapatikana kwa psi 80. Upepo ukipungua, uwezo nao hupungua, na kwa psi 35 tairi la LT hubeba kidogo hata kuliko tairi la gari la abiria la ukubwa uleule. Ganda lake nene, likikunjwa kupita kiasi, huzalisha joto jingi ambalo haliwezi kulitoa haraka. Joto ndilo linaloua matairi. Gundi kati ya mikanda ya waya huanza kuachia pembezoni, kashata hutengana na ganda, na dereva aliye kati ya Dodoma na Singida saa nane za mchana husikia mlio mmoja tu.

Kisa kilichoifundisha dunia jambo hili ni cha mwaka 2000, ambapo kampuni ya Firestone ilirudisha mamilioni ya matairi ya inchi 15 nchini Marekani, mengi yakiwa kwenye magari ya Ford Explorer, baada ya kashata kuachana na ganda katika mwendo wa barabara kuu na magari kupinduka. Watu waliokufa walizidi 200. Ford ilikuwa imependekeza upepo wa psi 26, na Firestone iliulaumu upepo huo mdogo; Ford ililaumu matairi, na uchunguzi wa serikali ulikuta udhaifu wa kweli kwenye kingo za mikanda. Dalili zilikuwa zimejitokeza mapema katika nchi za joto: tangu 1999 Ford ilikuwa imeanza kubadilisha matairi hayo katika nchi za Ghuba. Sheria iliyotungwa mwishoni mwa mwaka 2000 ndiyo iliyozaa taa ya onyo la upepo tunayoiona leo kwenye dashibodi. Cha kushangaza, agizo la taa hiyo linaishia kwenye magari ya kilo 4,536 na linayaacha yenye matairi pacha, kwa hiyo pikapu nzito kuliko zote ndizo zisizolazimishwa kuwa nayo.

Matairi pacha ndiyo maelezo ya ile namba ya pili katika 118/116 au 121/118. Namba ya kwanza ni ya tairi likiwa peke yake upande mmoja, ya pili ni ya kila tairi yakiwa mawili mawili, kama kwenye Canter, Coaster au Ford F-350 ya matairi sita. LT245/75R17 likiwa peke yake hubeba kilo 1,450. Likiwa na pacha hubeba kilo 1,320, kwa sababu matairi yaliyokaribiana hayapoi vizuri, na barabara iliyoinama hulipa moja kazi zaidi ya jingine. Bado manne yanafikisha kilo 5,280 badala ya kilo 2,900 za mawili. Mwenye pikapu ya matairi manne aishie kwenye namba ya kwanza, na asiichukue ya pili kuwa ni ya ekseli ya nyuma, kosa ambalo si la nadra.

Rimu yenyewe ina kikomo chake pia, na mara nyingi hakuna anayekiuliza. Geuza rimu ya aloi utazame mgongo wake: nyingi zimepigwa muhuri wa uzito wa juu kwa kilo au kwa ratili, na zile zilizotengenezwa kwa viwango vya Japani huwa na alama JWL kwa magari ya abiria au JWL-T kwa malori na mabasi. Rimu ya JWL yenye kikomo cha kilo 800 haiwi ya kazi kwa kuvikwa tairi la kilo 1,320. Matundu ya nati kulingana hakutoshi pia. Rimu inayolitoa tairi nje kwa sentimita mbili au tatu huipa beringi ya gurudumu mzigo wa wenzo ambao haikuundiwa, na beringi hizo ndizo zitakazolia kwanza. Valvu nayo ihesabiwe: zile za mpira za kawaida zimetengenezwa kwa psi 65 tu, kwa hiyo tairi la psi 80 linahitaji valvu ya shinikizo kubwa au ya chuma. Kwa wanaoendelea na rimu za zamani za vipande viwili, zenye ringi ya kufungia na tyubu ndani, fundi pancha asiyezijaza zikiwa ndani ya kizimba cha chuma anahatarisha kichwa chake, maana ringi isiyokaa vizuri huruka kama kombora.

Niongeze neno kuhusu springi, kwa sababu ndiyo dawa inayotolewa kila gereji. Kuongeza majani ya springi hunyanyua nyuma ya gari, na gari lililonyanyuka huonekana kana kwamba limepata nguvu. Tairi halijui kwamba springi zimeongezwa. Ekseli haijui, rimu haijui, breki hazijui. Kilichoondoka ni ile dalili pekee ambayo dereva alikuwa nayo ya kumwonyesha kwamba amezidisha, yaani kuiona bodi imekaa chini.

Tairi lenye uwezo mkubwa nalo lina gharama yake. Pikapu tupu yenye matairi ya daraja E yaliyojazwa psi 80 hurukaruka kwenye barabara ya vumbi yenye mikunjo, husimama kwa umbali mrefu zaidi na hula kashata za katikati peke yake. Vibandiko vingi vya mlangoni hutoa namba mbili za upepo kwa nyuma, ya gari tupu na ya gari lenye mzigo, na kuzifuata zote mbili kunahitaji dakika kumi na pampu nzuri. Upepo upimwe asubuhi, matairi yakiwa baridi. Aliyepima baada ya mwendo wa saa moja akapunguza "kwa sababu umezidi" ameliacha tairi na njaa.

Limebaki tairi la akiba. Linaning'inia chini ya bodi miaka mitano au saba, na ubavuni mwake, ndani ya duara dogo mwishoni mwa maandishi yanayoanza na herufi DOT, kuna tarakimu nne ambazo hakuna anayezisoma: 2319, kwa mfano, ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mara nyingi ni lile lililokuja na gari, la namba 112, huku manne ya barabarani yakiwa yamebadilishwa kuwa 118 yenye kimo kingine. Siku ya pancha, saa nne usiku, likiwa na tani moja ya mahindi juu yake, ndilo litakalofungwa kwenye ekseli ya nyuma. Wakati wa kununua, nunua matano.